Nusu ya Kioo ni ya Mama

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungua belo la magauni ya mitumba asubuhi, laivu kama kawaida. Simu inarusha mtandaoni. Kishikwambi nimekiegesha pembeni, kioo nimekigawa vipande viwili: juu maoni ya wateja, chini Mama, yuko kitandani kwetu Upanga. Dada yangu Rukia anashinda bandarini kwenye kutoa mizigo, na Mama mwenye pumu si mtu wa kuachwa peke yake. Basi nesi ni mimi, kwa video. Kariakoo nzima nionyesheni mwingine. Shule niliachia kidato cha kwanza, katikati, na wenye digrii wanakuja kuuliza kioo kinagawanywaje. Guangzhou, Uchina, nimefika mara mbili kufuata mali. Hata huko sikuona mtu kama mimi.

Leo Mama kanikemea wateja wakisikia. Eti gauni la njano nalisifia bure, limepauka. Wamecheka, wakalinunua hivyo hivyo.

Jumatano, 13 Agosti

Mama kakohoa. Kasema vumbi. Nikataka kufunga niende, akanikatiza: "Kauze, Saidi. Mimi siuzwi, unanikodolea nini?"

Nimecheka. Kikohozi chenyewe sikukipenda.

Hamadi wa meza ya jirani kanichokoza tena. Eti mwanaume mzima na ndevu zake anachungwa na mama yake kwenye kioo. Simpendi Hamadi. Anauza suruali na mdomo wa biashara hana.

Alhamisi, 14 Agosti



Belo la mashati, mali safi. Wateja wakamiminika, maoni yakawa yanapita mbio. Nikaushika mstari wa katikati, nikauvuta chini, wateja wakapata karibu kioo chote. Mama akabaki kipande kama stempu. Mimi huyo, nafoka bei, raha zangu.

Mteja wangu mmoja wa Mwanza, Mama Kulwa, akaandika: "Kaka, nani anahema hivyo?" Nikamjibu ni mkokoteni. Wakacheka, nikaendelea. Mtaa una kelele, mimi sisikii kitu. Wao wana hedifoni masikioni, kila kinachotoka kwenye kishikwambi simu inawapelekea.

Akaandika tena: "Mwanangu ana pumu. Naijua sauti hiyo. Acha mashati."

Halafu wote. Mama. Mtazame Mama. Saidi, Mama. Kioo kizima kimejaa hilo.

Nikavuta mstari juu. Naona dari tu. Simu yake imeanguka. Nikasogeza sikio. Pumzi kama msumeno kwenye ubao mbichi.

Kwa kishikwambi hicho hicho nikampigia Bi Nargis, jirani wa ghorofa ya chini, tumempa ufunguo wa akiba. Hakuuliza swali, kasema tukutane hospitali. Nikarukia bodaboda. Belo wazi, simu bado inarusha, sikukumbuka hata jina langu. Nafika hospitali, Bi Nargis keshamfikisha Mama kwa bajaji, mwenyewe kandambili mguu mmoja, mwingine peku.

Daktari kasema tumewahi. Basi. Nimetoka nje nimelia kwa sauti, mimi Saidi, mbele ya watu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama ana mpira wa oksijeni puani na anamuuliza nesi viatu vile kanunua wapi. Anapona.

Leo ndiyo nimelikumbuka belo. Nikaenda Kariakoo najua nimeshaibiwa hadi kigoda. Kumbe Hamadi aliruka meza siku ile ile, akasimama mbele ya simu yangu, akauza mashati yangu mpaka jioni. Suruali zake hakuzigusa. Wateja wananiambia vichekesho vyake vilikuwa vibaya mno, na hakuna aliyeondoka, walikuwa wanangoja habari za Mama. Kanikabidhi kila kitu, na mashati yaliyobaki kayakunja vizuri kuliko mimi.

Akasema, "Mama yako ni mama yetu, bwana. Ila jifunze kusoma maoni."

Nampenda Hamadi. Naandika hapa, simwambii.

Mama Kulwa nimempigia. Uso wake sijawahi kuuona. Nikaanza kumshukuru, akanibembeleza kama mtoto wake. Mimi ni mtu wa bahati kuliko akili niliyonayo. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama karudi nyumbani. Bi Nargis anampitia kila baada ya muda, na chai yake ya tangawizi. Kioo nusu kwa nusu. Mstari wa katikati sijaugusa.

Nimenunua hedifoni, sikio moja nimemwachia Mama. Mchana kasinzia. Pumzi inaingia, inatoka, laini. Nikawaambia wateja amelala. Nikauza gauni la bluu kwa kunong'ona. Nao wakawa wanaandika kwa herufi ndogo.