Simu Ambayo Sikuipiga

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi tena redioni. Ukungu umeshuka, milima ya Uluguru haionekani. Nimesoma taarifa ya saa moja bila kukosea neno. Habari kubwa ilikuwa yangu: diwani wa kata moja ya milimani, juu ya Matombo, anadaiwa kujichukulia bati za zahanati. Nilitumiwa picha WhatsApp, bati zimepangwa uani kwake. Nikamtaja jina. Nikamalizia kama tunavyomalizia siku zote: "Alipotafutwa kwa simu, hakupatikana."

Sikumtafuta. Zilibaki dakika kumi kuingia hewani.

Kaka Beni, mhariri wetu, kanipongeza. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 4 Machi
Wasikilizaji wamepiga mfululizo. Wanamwita Mzee Bati. Mmoja kasema, "Angekuwa msafi asingezima simu." Studio nzima ikacheka. Na mimi, kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia. Siku mbili baada ya kutangaza kwamba nilimpigia. Ikaita mara moja tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti: ukuta wa stoo ya zahanati ulianguka kwa mvua, serikali ya kijiji ikamkabidhi bati azitunze. Kwa maandishi.

"Ya bati nitajieleza, nimezoea kusemwa. Ila mke wangu hajaniuliza bati. Kaniuliza, baba fulani, kwa nini ulizima simu? Na asubuhi ile simu ninayo mkononi, nabishana na dalali wa ndizi!"

Nilisema samahani. Ikatoka kama kikohozi.

Alhamisi, 6 Machi
Mtendaji wa kijiji kanitumia picha ya hati. Ina muhuri na sahihi. Labda ina kasoro, sijui. Ndiyo aibu yenyewe. Sikujua, na nilitangaza.

Kaka Beni amekubali tutaje hati. Simu, hapana. "Unataka kutuvua nguo, dada? Sentensi ile tunaitumia wote."

Tunaitumia wote. Chuoni niliandika insha nzima juu ya haki ya mtuhumiwa kujibu. Nikapata A. Bado ninayo kabatini. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesoma ya hati kama ilivyoandikwa. Halafu nikaendelea, karatasi ikiwa imeisha: "Jumatatu nilisema diwani alitafutwa hakupatikana. Sikumpigia. Nilidanganya."

Fundi mitambo alinitazama kupitia kioo, mdomo wazi.

Kaka Beni hakunisemesha mpaka mchana. Kisha, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali: nimeondolewa kwenye habari. Sikubisha. Nilitaka kujisikia nimetakasika. Sikujisikia hivyo.

Jumatano, 19 Machi
Sasa nasoma matangazo ya vifo. Mzee hajanipigia. Sikutegemea.

Leo mama mmoja kateremka kutoka Matombo kuleta tangazo la msiba wa kaka yake. Nikamuuliza habari za diwani, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. "Mzee Bati? Yupo. Mkewe alikuwa kamnunia, kasharudi kuzungumza naye." Alisema jina lile bila ubaya wowote. Ndilo jina lake sasa.

Mvua imekatika. Kabla ya kipindi napigia kila familia, nihakiki majina ya marehemu na wafiwa. Leo zilikuwa familia saba. Wote walipokea.