Makapi ya Pipa Lililopita

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike sijampata mwingine wa kuivuta kama ulivyokuwa unaivuta wewe. Hapa Gungu hatujambo. Cherehani yangu bado inakimbia, mume wangu Damas bado anakoroma, na mvua zimeanza vizuri. Sasa nikuambie la maana kabla sijazunguka sana: nina mimba. Ungekuwepo ungekuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na kabla ya jioni mji mzima ungekuwa umeshajua.

Usinune. Unajua nasema kweli.

Unakumbuka siku jumuiya yetu iliposali nyumbani kwa Velediana? Majirani tulikuwa tumebanana kwenye mikeka na viti vya kuazima, Injili imeshasomwa, watu wanatoa maombi mmoja mmoja. Huyu anaomba mvua, yule anaomba mwanawe apate kazi. Wewe hukuwahi kuanza kwa kuomba. Ulisimama, ukajifunga kitenge vizuri, ukaanza kushukuru kama kawaida yako: kwa afya, kwa ziwa kutulia, kwa mguu wa jirani uliopona. Halafu ukasema, “Na tumbo la Velediana nalo, Bwana, tunakushukuru umelifungua.” Mumewe alikuwa amekaa mlangoni. Yule baba alikuwa hajaambiwa. Velediana alikuwa amekudokezea wewe tu, asubuhi ile ile, mkiwa bombani.

Kiongozi wa jumuiya alikohoa mpaka nikadhani amepaliwa. Njiani nilikuuliza kwa nini umemwaibisha mwenzio. Ukanijibu, tena umekasirika kweli, “Mie nilikuwa naongea na Mungu, mwana wanje. Yule baba si ndiye alikuwa anasikiliza maneno yasiyomhusu?” Nilicheka mpaka tukafika nyumbani.

Lakini mimi nilikujua zaidi kwenye mawese kuliko jumuiyani. Ulinichukua mama alipofariki na baba akavuka kwenda Kongo kutafuta maisha, na kazi ya kwanza uliyonipa ilikuwa kuchambua chikichi kutoka kwenye mikungu. Tulizichemsha kwenye pipa, tukazitwanga, tukakamua, tukachemsha tena mpaka mafuta yakapanda juu, mekundu, nawe ukayaengua taratibu. Yale makapi yaliyobaki baada ya kukamua hukuyatupa. Uliyaanika ukutani nyuma ya jiko, na siku ya pipa jingine ndiyo yaliyowasha moto. Yanawaka haraka, yana mafuta ndani.

Na hukuwasha bila kusali. Ulishika donge la makapi mkononi ukasema, “Pipa lililopita ulilijaza mafuta, Bwana. Makapi yake haya hapa. Ndiyo maana nimerudi kwako na hili.” Ukimaliza hapo ndipo unaomba: mafuta yatoke mengi, wateja waje, mtoto asiungue. Mtoto ni mimi. Siku moja nilikuwa na njaa nikakuambia Mungu anakumbuka, hakuna haja ya kumsimulia kila mara. Ukasema, “Yeye anakumbuka. Mie ndiye nasahau. Nikisahau naogopa, na nikiogopa siwezi kuomba, nabaki kulialia tu.”

Wakati ule niliona ni maneno ya mtu mzima asiye na haraka.

Shangazi, kuna jambo hukulikuta. Mwaka uliofuata baada yako nilipata mtoto wa kiume, akazaliwa kimya. Nilikuwa nimemwombea kuliko nilivyowahi kuomba kitu chochote, nimefunga, nimelia mbele ya altare. Tulimzika, watu wakaondoka, nami nikafunga mdomo. Jumuiyani nilikwenda, sitaki kusema uongo, niliimba na kuitikia. Lakini kuomba kwa midomo yangu mwenyewe nilishindwa. Kila nikianza, neno “nakuomba” linakwama hapa kooni.

Ndipo mimba hii ikaja. Alijua Damas, akajua na nesi wa kliniki, basi. Nilishona magauni mapana nikajifanya nimependa fasheni. Kila mtoto alipogusa ubavu wangu nilifurahi, na papo hapo nikaogopa. Nilitaka kumwombea mwanangu, Shangazi. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka, na sikuweza.

Juzi niliteremka Katonga kununua migebuka. Mama mmoja pale sokoni alikuwa anakaanga samaki kwa mawese, harufu ikanijia yote, nikasimama katikati ya njia mpaka kijana wa bodaboda akanipigia honi. “Mama, utagongwa!” Nilisogea pembeni, lakini akili ilikuwa imeshafika nyuma ya jiko letu.

Nilikumbuka siku mafuta yalipomwagika. Mvua ilikuwa imenyesha, jiwe moja la jiko likazama kwenye tope, pipa likalala upande. Mafuta yote, kazi yetu yote, yakaingia ardhini. Kuku walikanyaga wakaacha nyayo nyekundu uani. Mimi nililia. Wewe ulikaa chini, ukashika kichwa, hukusema neno la dini hata moja. Ulikaa hivyo muda mrefu sana. Watu wanaosimulia imani yako siku hizi husahau kuiweka sehemu hiyo, lakini mimi nilikuwepo.

Kisha siku ya pipa lililofuata ikafika. Nilikuangalia kwa wasiwasi, nikijiuliza leo utamwambia nini Mungu wako. Ulichukua makapi ukasema, “Lile lililomwagika unalijua, Bwana, na mie bado linaniuma. Naanza na lile la kabla yake.” Ukalitaja hilo la kabla, na la kabla ya hilo, ukarudi nyuma mpaka ukafika kwa mama yako alivyokubeba mgongoni kutoka Kasulu. Halafu ukatazama mkononi. Makapi yale yalikuwa ya pipa lililomwagika. Tulikuwa tumeshayakamua na kuyaanika kabla ya ajali. Ukasema polepole, “Hata lenyewe limetuachia cha kuwashia. Asante, Imana yanje, Mungu wangu.” Ukawasha.

Niliporudi nyumbani na samaki wangu sikusubiri hata kuwaparua. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikaanza kama wewe. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yako, kwa ile homa uliyokesha nami ukinipepea kwa ungo, kwa cherehani uliyonirithisha ikiwa na pedali mbovu, kwa Damas aliyenipikia uji nilipokuwa sitaki kuona mtu. Nilirudi nyuma, nikasogea mbele, nikafika kwa mwanangu tuliyemzika. Hapo nilisimama. Nilidhani kwake sina cha kushukuru. Lakini alicheza tumboni, Shangazi. Alikuwa akisikia cherehani anarusha mguu, Damas anaweka mkono, tunacheka wote wawili. Nilikuwa nimeizika furaha ile pamoja naye. Nikasema asante kwa hiyo, nikalia sana, na kilio kilipopungua nilijisikia nikisema, “Nakuomba, Bwana, na huyu.” Lilitoka lenyewe. Halikukwama.

Jana jumuiya ilisali kwetu. Velediana alikuwepo, sasa tunamwita Mama Onesmo, na huyo Onesmo uliyemtangaza kabla ya wakati ndiye aliyetubebea viti, jitu zima lenye ndevu. Muda wa maombi ulipofika nilisimama. Nilishukuru kwa pipa moja baada ya jingine, watu wakaanza kutazamana, maana walizoea nimenyamaza. Nikamshukuru Mungu kwa mtoto aliyemchukua. Kisha nikashika tumbo juu ya lile gauni pana nikasema, “Na huyu anayecheza leo, asante kwa leo yake. Tunakuomba umlete salama.”

“Bwana, twakuomba utusikie,” wakaitikia, na sauti ya Mama Onesmo ilikuwa juu kuliko zote. Alipiga vigelegele, akanikumbatia, akasema huku analia, “Shangazi yako amerudi! Afadhali safari hii mwenye tumbo amesema mwenyewe!” Damas alicheka mpaka akafuta machozi.

Hofu bado ninayo. Inakuja asubuhi nikiamka, na nesi akichelewa kuupata moyo wa mtoto kwa kile chombo chake. Ikija naanza na pipa lililopita, na kama hilo linauma naanza na la kabla yake, mpaka nafika mahali ambapo naweza kuomba. Leo nimekata kitambaa cha nguo yake ya kwanza, kile cha njano ulichokuwa unakiweka kwa ajili ya sikukuu.

Pumzika kwa amani, Shangazi, na huko uliko usimwambie kila mtu. Mafuta ya pipa hili siyajui bado. Moto umeshawaka.

Mimi mtoto wa kaka yako, ambaye hukuwahi hata siku moja kumwita hivyo, ila mwana wanje, mwanao.