Maji ya Mtaro wa Machinjio

Ujerumani, 4 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za Matogoro, na mahindi yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno.

Daktari Fulgence ameniandikia kuhusu mguu wa kaka Remigi. Anasema tangu aanguke kutoka juu ya paa kule Madaba, usaha haukomi na dawa zote zimegonga mwamba. Kinachofuata ni kuukata. Mama, fundi wa kuezeka akikatwa mguu ataezeka nini?

Kazi yangu mpya inahusu hayo hayo. Kuna virusi vidogo mno visivyomdhuru mtu, vinakula bakteria tu. Vinakaa palepale bakteria wanapokaa, yaani kwenye uchafu. Usaha wa kaka umeshafika maabara kwetu, na virusi vyote tulivyonavyo havikuuweza. Nataka vya huko nyumbani. Vibali viko tayari. Nakuomba uchote chupa moja ya maji ya mtaro wa machinjio, pale panaponuka kuliko pote, umpe daktari atume.

Mwanao,
Kunegunda


Matogoro, 11 Februari 2024

Mwanangu Kune,

Marahaba. Tupo, mahindi yanabeba. Kaka yako amelala hapa kando, ndiye anayepiga picha barua zangu na kukutumia, maana vidole vyangu na simu havipatani.

Nimesoma barua yako nikatema mate. Ulipoondoka ulisema unakwenda kusomea ubongo wa binadamu. Nikajivuna mpaka wanajumuiya wakanichoka. Baadaye ukasema ni vinasaba. Sikuelewa, lakini nikajivuna vilevile. Sasa ni mtaro! Wenzako wakisoma wanapanda, wewe unateremka kama maji ya mvua. Jirani Mama Anjelika akiniuliza wewe daktari wetu unafanya nini Ulaya, nimjibu anachambua mavi?

Lakini mguu ni wa mtoto wangu, nimekwenda. Yale maji yana damu iliyoganda, yana samadi ya matumboni, na funza wanaelea juu. Inzi walitaka kuniingia mdomoni. Nilifunga kitenge puani nikachota. Nimenawa kwa majivu na bado mkono unanuka, leo nimekula ugali kwa kijiko. Chupa iko kwa daktari.

Mama yako,
Beata


Ujerumani, 7 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Poleni na kuuguza. Maji yalifika, tumeyapima tukarudia, na hayana kirusi hata kimoja. Hata bakteria mmoja aliye hai hayumo! Tangu nianze kazi hii sijaona maji ya mtaro yaliyo safi kuliko ya bomba. Mama, uliyachota wapi?

Mwanao,
Kunegunda


Matogoro, 12 Aprili 2024

Kune mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie. Niliyachota palepale uliponiambia. Ila nilipofika nyumbani nikaitazama ile chupa, imebandikwa jina la ukoo wetu, nikaona haya. Wazungu waifungue harufu iwapige, waseme mama yake Kunegunda ndiye katuma! Hapa kwangu hata mgeni wa kupita hanywi maji ambayo hayajachemshwa. Basi nikayachuja kwa kanga, nikayachemsha. Sufuria yenyewe nimeitupa. Nilidhani nakupunguzia kazi.

Remigi alicheka mpaka akalia, maana mguu ukitikisika unamuuma. Kisha akaniuliza tumepoteza muda gani.

Nimerudi mtaroni leo. Safari hii yanakuja mabichi, na funza wake. Kwa sasa mguu wa kaka yako unanuka kuushinda huo mtaro, na mimi ndiye ninayeufunga bandeji kila asubuhi.

Mama yako,
Beata


Ujerumani, 2 Juni 2024

Mama, shikamoo!

Tumekipata! Bakteria wa kaka walikuwa wametanda kwenye sahani ya maabara kama ukungu. Tukadondosha hicho kirusi cha mtaroni, kesho yake pakawa peupe. Nililia mbele ya watu. Kimebaki kusafishwa na kuwekwa kwenye vichupa vya sindano. Mwambie Daktari Fulgence asikate. Asikate kabisa.

Mwanao,
Kunegunda


Ujerumani, 25 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Najua mnangoja, nami sijui nianzie wapi.

Dawa iko tayari, iko kwenye friji, na profesa wangu amezuia isitoke. Kuna kampuni inataka kukinunua kile kirusi. Anasema tukimpa mgonjwa yeyote kabla ya mkataba, mambo yakaenda vibaya, bei itashuka. Nilimwambia mgonjwa ni kaka yangu, na maji yale aliyachota mama yangu. Akatabasamu, akaniambia mama yangu ataandikwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Nimelalamika kwa wakubwa wake, nikanyang'anywa kadi ya kufungulia friji. Mama, watu hawa wananawa mikono kabla hata ya kugusa kalamu. Nikikaa nao mezani chakula hakipiti, nawaonea kinyaa.

Mwanao,
Kunegunda


Ujerumani, 6 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu ya Remigi inaita tu, na Daktari Fulgence ananiambia niwaulize nyumbani.

Mimi naondoka hapa mwisho wa mwezi. Profesa ameniagiza nikuombe chupa mbili nyingine za mtaro uleule, anataka ndugu za kile kirusi. Nakuandikia kwa sababu nimeagizwa. Usipotaka, usichote.

Mwanao,
Kunegunda


Matogoro, 13 Oktoba 2024

Mwanangu Kune,

Marahaba. Tulinyamaza kwa sababu tulikuwa na maziko.

Mguu ulikatwa mwezi uliopita, sumu ilikuwa imeshafika pajani. Tuliuomba hospitalini tukaja nao nyumbani umeviringishwa shuka. Baba yako mdogo Urbani akachimba kando ya kaburi la baba yako. Katekista Polikarp alifungua kitabu akakosa sala ya mguu, akasoma ya mtoto mchanga. Watu walikuja, hawakujua watupe pole ya msiba au ya ugonjwa. Kaka yako alikaa kwenye kiti akiangalia mguu wake unafukiwa, akaomba naye atupe udongo. Simu ilikuwa mfukoni mwake inaita.

Kule mtaroni sikutapika, Kune, mara zote mbili. Nilitapika siku kaka yako aliponisomea barua yako ya Agosti. Mimi nilichemsha maji kwa kutokujua, na hilo ni langu, nitazeeka nalo. Profesa wako alijua.

Lakini wewe rudi nyumbani. Sina haya tena na kazi yako. Mtaro upo, utachota mwenyewe, na Daktari Fulgence anasema wodini bado kuna miguu.

Na huyo profesa mpe salamu zangu. Chupa zake mbili nimezikabidhi kwa daktari jana, nimezifunga vizuri na jina la ukoo wetu nimeliandika kwa mkono wangu. Maji nimeyachuja kwa kanga, nikayachemsha yakatokota tangu asubuhi hadi kengele ya mchana. Mgeni hatumpi uchafu.

Mama yako,
Beata