Maman, Ulisema Umeshiba

Maman,

Najua huko uliko barua hazifiki, na wewe hukupenda mtu apoteze karatasi. Lakini leo ni Jumapili, saa nane mchana imefika, na miguu yangu imezoea kwamba saa nane ya Jumapili ninapanda pikipiki hapa Gihundwe na kuja kukuona kwenye nyumba ya wazee, kule juu, njia ya Gitambi. Hii ni Jumapili ya sita miguu haina pa kwenda. Nimeikalisha chini ya meza na ninakuandikia.

Nataka tuzungumze habari za chakula.

Unakumbuka Bukavu, kabla hatujavuka daraja kurudi huku kwetu? Kila tulipotaka kwenda kutembelea watu ulitupanga mlangoni sisi wanne, ukatukagua masikio na kucha, kisha ukatoa sheria. "Kwa batu, ata kama uko na njaa, sema umeshiba. Unasikia, Bucura?" Ulinitaja mimi kwa sababu mimi ndiye kitindamimba wako na ndiye niliyekuwa mlafi. Siku moja kwa jirani yetu niliomba sahani ya pili ya sombe, yale majani ya muhogo. Ulinitazama tu, na macho yako yalitosha. Tulipofika nyumbani ukaniambia, "Sasa batasema kwetu hatupikake." Niliona haya wiki nzima.

Sheria zilikuwa nyingi. Mgeni hafungui mzigo wake wote. Mgeni hasemi anasikia baridi. Mgeni hamwulizi mwenye nyumba kuna nini cha kula. Ulitulea vizuri, maman, hakuna anayeweza kukulaumu kwa hilo. Ila mimi nilizishika sheria zile kwa ulimi tu. Wewe ulizishika kweli, mpaka zikakuua, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni nikitazama.

Ulipoanguka bafuni mwaka jana, kaka zangu walipiga simu, wawili kutoka Kigali, mmoja kutoka Bukavu, kila mmoja na sababu zake za kutokuchukua. Mimi nilikuwa na sababu nzuri kuliko zote. Nashinda Bugarama kwenye biashara ya mchele, mume wangu anashinda kazini, watoto wanashinda shule, nani angekuinua ukianguka tena? Na kile chumba kidogo cha nyuma kilijaa magunia ya mchele hadi dirishani. Nilikuambia, "Maman, nafasi hakuna. Kule kuko bamasere, kuko batu ba kuongea nabo." Ulikunja kitenge chako magotini, ukakikunjua, ukakikunja tena.

"Ni ya siku ngapi?"

"Tutaona, maman."

Neno hilo nalisema mara mia kwa siku. Nawaambia wateja, nawaambia watoto. Sikujua kwamba wewe umelibeba kama ahadi.

Hao bamasere, masista wa kanisa, walikupa kitanda cha dirishani na kabati lako mwenyewe. Ulikataa kupanga nguo. Valizi yako ya kahawia ilikaa chini ya kitanda, imefungwa, na kila asubuhi ulitoa nguo moja na kufunga tena. Nilikucheka. Nilisema unaogopa wezi.

Mwanzoni ulikuwa na Bibi Zaina, yule Mwislamu wa Kamembe aliyekuwa fundi cherehani maisha yake yote. Kitanda chake kilikuwa karibu na chako na Kiswahili chenu kilijaa chumba kizima. Alikutania kwamba wimbo wako wa kanisani unamharibia swala. Ukamtania kwamba cherehani ilimharibia masikio, asisingizie wimbo. Ukila naye ulifika hadi nusu ya sahani. Wale wengine walikucheka Kinyarwanda chako cha waliokulia ng'ambo, yeye hakucheka, kwa sababu chake kilikuwa kibaya zaidi.

Bibi Zaina alikufa Alhamisi asubuhi. Nilipokuja Jumapili nilikuta bibi mwingine amelala pale, uso ukutani. Uliniambia kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua, "Balitandika kitanda yake mbele ya chakula ya saa sita. Hapa ukisha kufa, banabadilisha madra, basi." Nami nilikujibu nini? Nilikujibu kwamba angalau shuka ni safi. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Baada ya hapo wengine wawili walifuata, na wewe ukaacha kuniambia majina yao. Ukaacha wimbo pia. Niliulizia hali yako kwa mlezi wenu, Espérance, mwanamke mwema ambaye alikuwa akikimbia kati ya vitanda kutwa nzima. Akasema, "Maman yako ni mupole sana. Haombake kitu. Hasumbuake muntu." Nilijisikia fahari! Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, umeona, maman amezoea.

Nilikuletea sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani ulivyokuwa ukivipenda mpaka unalamba vidole. "Nimeshiba, mwanangu. Pelekea batoto." Nilikuletea ndizi, ukasema umeshiba. Nilikuletea paketi za biskuti laini kwa ajili ya meno yako, ukazipokea kwa mikono miwili, ukashukuru, ukaziweka pembeni. Mashavu yakaingia ndani. Pete ya baba ikaanza kuzunguka kidoleni, ukaifunga uzi isidondoke. Mimi nauza chakula, maman. Naweza kushika mchele kiganjani nikakuambia umekaa guniani miezi mingapi. Mama yangu alikonda mbele yangu, nikaambiwa ameshiba, nikaamini.

Siku tulipokupeleka hospitali, yule muuguzi kijana alinivuta kando kwenye korido. "Tumbo yake haina ugonjwa," akasema. "Huyu maman iko na dépression. Anakataa kula juu roho yake inakataa." Nilicheka, maman. Nilimwambia ugonjwa huo ni wa Wazungu, kwamba mama yangu ametembea kwa miguu na watoto wanne, amezika mume, ameanza maisha mara tatu, huzuni itamweza wapi? Hakukasirika. Alisema wazee wanaokaa hivi, kimya, uso ukutani, wanazimika bila ugonjwa mwingine wowote, na kwamba yeye amewaona. Akanipa vidonge. Kisha akasema, "Mumupeleke kwenu, ata mwezi moja tu. Akule na batoto yenu."

Nikamwambia tutaona. Nilikuwa nawaza mavuno. Mchele wa Bugarama ulikuwa unaingia wiki ile na chumba kile ningekihitaji. Nikajiambia, mavuno yakiisha, maman anakuja. Nilimaanisha. Naapa nilimaanisha, na najua haikusaidii kitu.

Jumapili ya mwisho nilikukuta umekaa ukingoni mwa kitanda, umejifunga kitenge cha sikukuu, viatu vyeusi miguuni. Espérance alisema siku hizi unavaa hivyo kila Jumapili tangu asubuhi. Nilifikiri ni kwa ajili ya misa. Ulinishika mkono, vidole vyako vilikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza tangu nikujue ukavunja sheria yako. Uliomba.

"Tunarudia saa ngapi?"

"Karibuni, maman."

"Basi ni sawa. Nimeshavaa viatu."

Jumatano asubuhi Espérance alinipigia simu. Alisema ulienda polepole, na kwamba uji wako ulikuwa bado kwenye kijimeza cha kando ya kitanda, haujaguswa. Nilipofika, madra yalikuwa yamebadilishwa.

Nilifungua valizi palepale, nimepiga magoti. Nguo zilikuwa zimekunjwa kwa safari. Juu yake kulikuwa na biskuti, paketi zote, hakuna hata moja iliyofunguliwa, umezifunga ndani ya kitambaa chako cha kichwa kwa mafundo mawili. Sikuhitaji kuuliza. Mtu akitoka kwa watu harudi nyumbani mikono mitupu, na wewe ulikuwa unawawekea wajukuu zako.

Kuna jambo moja bado sijakuambia, na ndilo lililonikalisha mezani.

Siku ya kilio ndugu walikuja wengi. Dada yako alivuka kutoka Bukavu na mabinti zake, na kaka zangu wote walipata nafasi, safari hii hakuna aliyekuwa na sababu. Ikabidi tutafute mahali pa kuwalaza. Mume wangu akavua shati, majirani wawili wakamsaidia, wakaanza kutoa magunia kutoka kile chumba cha nyuma na kuyapanga barazani. Nilikuwa nimesimama jikoni chini ya saa ya ukutani. Dada yako aliniletea sahani nikasema nimeshiba, naye akaamini, akaondoka nayo. Nikaendelea kutazama saa. Magunia ya mwisho yalitoka, mtu akafagia, mtu akatandika godoro, dirisha likafunguka na Bukavu ikaonekana ng'ambo ya maji.

Nusu saa, maman. Ilichukua nusu saa.

Magunia sijayarudisha. Yapo barazani, mvua imeshaharibu mawili, na mume wangu haniulizi. Nguo zako nimezipanga kabatini mwa chumba kile. Biskuti zipo mezani hapa mbele yangu, watoto wamekatazwa kuzigusa, na hawajui kwa nini.

Kaka zangu walitaka uzikwe bila viatu. Nilikataa, nikakuvalisha vile vyeusi mwenyewe. Sasa najuta, kwa sababu nakuona bado umekaa ukingoni, tayari, unangoja niseme saa.

Vua viatu, maman.

Mimi, Bucura wako