Fundo la Mama

Ekai mjukuu wangu,

Ejok, hujambo? Hapa Lodwar mbuzi wamezaa na dada yako amefaulu mtihani. Mimi tu ndiye nisiyetulia: naketi, nainuka, nazunguka boma.

Umeniuliza, wewe uliye huko Kakuma, haya ninayokusimulia ya visima na dawa za miti uyaweke wapi: kwenye programu maridadi ya kampuni, ambayo maandishi yake hayafunguki kwingine, au ile huria ambayo maandishi yake hufunguka kwenye simu yoyote.

Nikiwa msichana tulihama kuelekea Kainuk. Mama alifunga mzigo wa punda kwa fundo alilolijua yeye peke yake, tusiibiwe, akatangulia na ngamia. Mdogo wetu akalilia maziwa yaliyokuwa mzigoni. Fundo likakataa kabisa, tukakata kamba. Mzigo ukaporomoka, kibuyu kikapasuka, mchanga ukanywa maziwa. Mama aliporudi hakugomba. Aliutazama ule mchanga, kisha akatufundisha fundo jepesi.

Basi tumia hiyo huria, na dada yako umwonyeshe kuifungua. Nami unionyeshe, upesi. Jana nilitafuta akilini jina la kisima cha mama mpaka jua likazama. Siku inakuja ambayo nitahitaji kusoma niliyokuambia.

Nyanya yako