Kamera Haikuikataa Ndoa ya Skola

Karibu na Stesheni,
Mpanda.

Kaka Kasiano,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama yuko hapo pembeni yako na ndiye aliyenifundisha adabu, siyo wewe. Msomee barua yote, usiruke pale unaposemwa. Mimi ni mzima, nakula, nanenepa. Nyie mliosema nitarudi Kasansa na kaptula iliyotoboka matakoni, endeleeni kusubiri. Mguu wa mama umepona? Mpunga unaendeleaje? Wewe sikuulizi hali, mtu mwenye kelele kama zako haugui.

Naandika kuhusu maneno uliyosema siku nilipoleta picha za harusi ya Skola. Nakukumbusha, maana wewe ukishabwata unasahau. Mkanda ulikuwa umeenda Tabora kusafishwa, picha zikarudi na treni, na mimi nikazileta mpaka nyumbani nimekaa juu ya magunia. Mkafungua. Skola ukungu. Masanja ukungu. Shela utadhani moshi wa jikoni. Mama akauliza, "Sasa mwanangu yuko wapi hapa?" Wewe ukasimama katikati ya uwanja na sauti yako ile ya kufukuzia nyani:

"Nilisema mimi! Ng'ombe wa huyu Msukuma wamekula mpunga wangu, sasa anachukua na dada yangu. Mkanicheka. Haya, tazameni! Hata kamera imekataa kuwaweka pamoja. Ndoa hii haina baraka!"

Nikakwambia, "Kaka, hiyo ni kamera, siyo padri."

"Nyamaza, mlevi we! Mikono inakutetemeka kwa gongo."

Ukazitupa chini, kuku wakazikanyaga, mimi nikaziokota. Tangu siku hiyo Skola hajaja kwenu. Amejifungua huku Litapunga walikohamia na mume wake, mtoto wa kiume, shavu hili hapa, na mama hajamshika. Skola anataka mtoto abatizwe Kasansa, kanisa lile lile alilobatiziwa yeye, halafu wewe unatuma neno kwamba mtoto wa ndoa ya ukungu hapiti mlangoni kwako. Ndoa ya ukungu! Nani kakufundisha maneno makubwa hivyo na uliishia darasa la nne? Mimi niliacha la sita, kwa hiyo nimekuzidi. Kaa chini nikufundishe.

Ile kamera niliyobadilishana na redio yangu kwa yule dereva wa wawindaji siyo ya kuzungusha kwa mkono kama za mababu. Unabonyeza nusu, lenzi inalia nzii, inatafuta umbali yenyewe, ikitulia inalia pii. Hapo unapiga. Kabla ya harusi nilipiga komunio ya kwanza kule Mwese, watoto walitoka mpaka kope unaziona. Mikono ilikuwa hii hii. Harusi, ukungu. Na baada ya harusi, kila niliyempiga hapa mjini ukungu. Wateja wakaanza kunipita wanaangalia upande wa pili. Mama mmoja alinirudishia picha ya mwanae akasema, "Hii kampe kipofu." Nilitukanwa, kaka, lakini hakuna aliyenitukana kama wewe.

Nakaa kibanda kimoja na Hamisi, fundi redio. Akaziangalia zile picha akacheka.

"We Pio, kamera yako ina makengeza. Inamtazama Juma, inamwona aliye nyuma ya Juma."

"Tengeneza redio zako, mshika waya."

"Basi ipime uone. Unaogopa nini?"

Mimi niogope? Nikaipima hapo hapo kibandani, tena bila kuunguza mkanda hata mmoja. Wewe ungeipiga na nyundo. Nilipanga viberiti kwenye ubao, kila kimoja nyuma kidogo ya mwenzake, kile cha katikati nikakichora msalaba. Kamera nikailaza juu ya kiroba cha mchanga isicheze. Betri yake ilikuwa imekufa na hapa Mpanda haipatikani, Hamisi akaunga za tochi kwa waya, kamera ikawa na mkia kama panya. Nikaielekeza kwenye msalaba. Nzii, pii. Halafu nikafungua mlango wake wa nyuma, pale unapopita mkanda nikabandika karatasi ya daftari niliyoisugua mshumaa mpaka ikapitisha mwanga. Nikabonyeza na kushikilia ili jicho la kamera libaki wazi. Viberiti vikaja kwenye karatasi, miguu juu kichwa chini, vidogo kama punje za mchele. Nikachungulia na lenzi ya Hamisi ya kutazamia nyaya.

Chenye msalaba, ukungu. Cha nyuma yake, safi, maandishi unasoma.

Nikarudia, vile vile. Nikaizima ile kazi yake ya kujitafutia umbali, nikazungusha kwa kidole polepole mpaka msalaba ukakaa sawa kwenye karatasi. Kumbe lenzi ni nzima! Mwongo yuko ndani. Nikaitoa lenzi nikamulika: kuna kioo kidogo kinachopeleka mwanga kwenye jicho la kupimia umbali, na ile skrubu kinayoiegemea ilikuwa imesogea. Kichwa chake kina pembe sita, ufunguo wake mji mzima hauna. Nikachukua spoki ya baiskeli mbovu, nikainoa kwa tupa mpaka ikaingia. Nikageuza kiduchu, ikazidi kuharibika. Nikageuza upande wa pili, sasa ikaanza kuona kiberiti cha mbele. Nilitukana hadi Hamisi akaongeza sauti ya redio. Geuza, pima, geuza, pima, mpaka shati likanata mgongoni. Mwisho msalaba ukatulia pale pale ilipolia pii. Hamisi akachungulia, akasema, "Makengeza yamepona." Halafu mshamba yule akaomba nimpige picha.

Sasa nijibu, kaka. Kioo kile hakilegezwi na gongo, kinalegezwa na kishindo. Siku nilipofika harusini, nani alipanda juu ya lori akarusha begi langu? "Shusha makorokoro yako haya!" Puu, chini! Nilikwambia mna kamera humo, ukasema kamera haina mbavu. Baraka umeiangusha kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukamsingizia Mungu.

Bado sijamaliza na wewe. Nilikaa nikazipitia picha zote na ile lenzi ya Hamisi. Kama kamera ilikuwa inaona nyuma, basi nyuma kuna mtu aliyetoka safi. Iko moja ya kwenye ngazi za kanisa. Skola na Masanja ukungu mbele. Nyuma yao, katikati ya mabega yao, Kasiano, mkali wa Kasansa nzima. Vifungo vya shati vinahesabika. Mdomo umepinda kama wa mtoto aliyenyang'anywa muwa. Machozi hayo, moja limeshafika kwenye kidevu. Na mkono wako umekamata ncha ya shela la Skola, hutaki kuiachia.

Sisi wote siku ile tulikuwa tunamtafuta bibi harusi, hakuna aliyekuona.

Nikaipeleka Litapunga. Nilidhani Skola atacheka mpaka aanguke. Hakucheka. Aliitazama sana, akamwita mume wake, "Njoo umwone anayetuchukia." Masanja akaishika kwa pembe, akasema, "Mtundike." Umetundikwa ukutani kwao, juu ya kitanda cha mtoto. Skola anasema hiyo ndiyo picha yake ya harusi, nyingine haitaki.

Mpunga ukishavunwa tunakuja wote na mtoto. Utafungua mlango na utasimama mbele, mimi nitapiga. Siku hizi kamera inamwona yule inayemtazama.

Nisalimie mjomba Kamili, katekista, mwambie aandae maji. Nisalimie shangazi Veronika mpika pombe, mwambie simdai salamu, nadai kata moja tu. Wasalimie na wanao, hasa yule mdogo mwenye domo lako.

Mama nisimsalimie humu. Yeye nimemtumia bahasha yake peke yake, dereva wa lori ataiweka mkononi mwake kabla hajakupa hii. Barua hajui kusoma, lakini nakala ya picha yako ile ataisoma mwenyewe. Geuka umtazame.

Mdogo wako asiyetetemeka,

Pio, mpiga picha.