Shimo la Sinema Uwani Kwetu

Jumatatu, 2 Julai 1984

Nimepata kazi kwa watu wa sinema! Wamepiga mahema nyuma ya loji, Karatu. Wamarekani, na wengine wametoka Nairobi maana mpaka umeshafunguliwa. Walitaka mtu mwenye cherehani. Yangu ni ya mkono lakini inakimbia. Damiano ameibeba kutoka kwetu Mbulumbulu akinung'unika njia nzima. Mume wangu hapendi Wazungu, na mizigo ndiyo kabisa.

Kazi yenyewe: kupunguza koti jeupe la mzee mmoja. Ndiye daktari kwenye sinema yao – siyo daktari kweli, anaigiza tu. Amekonda tangu ashonewe huko kwao. Nikimpima kifua ananuka pombe, saa tatu asubuhi! Anaitwa Venoni. Anataka nimwite hivyo hivyo, Venoni. Mzee wa miaka sabini nimwite jina tupu kama namwita mbuzi? Nimemwita Babu Venoni. Amefurahi.

Alhamisi, 5 Julai

Koti limerudi tena, mabega safari hii. Mzee amekaa juu ya kreti anaongea. Inosenti, dereva wao, mtoto wa hapa hapa Karatu, anatafsiri. Akichoka anafupisha. Nahisi anaruka mengi.

Kumbe ni mtu mkubwa. Au alikuwa. Baba yake alikuwa anauza barafu kwa mkokoteni. Yeye akakimbilia New York akiwa kijana, akawa mwigizaji wa jukwaani – watu wanakaa gizani kila jioni wanamtazama. Halafu sinema. Hakimu, polisi wa farasi, daktari, daktari, daktari. Wake watatu, wote wamekwenda zao. Mwishoni sinema zikaacha kumwita, akaishia kwenye matangazo ya televisheni. Ya nini? Ya nyama ya kopo ya mbwa! Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Mbwa anafunguliwa kopo, na mzee mzima anaisifia! Naye akacheka. Halafu akaacha kucheka. Miaka mingi hajaitwa, akasema, na baada ya hii ya huku hadhani kama ataitwa tena.

Ana picha kwenye mkoba. Zote ni yeye. Yeye na taji, yeye na bastola. Moja tu siyo yeye: mtoto wa kiume, meno ya mbele hana. Nikauliza huyu nani. Mzee akajibu kirefu, Inosenti kimya. "Wee, si utafsiri!" Akasema ni mwanawe, alifariki. Basi. Maneno yale yote yakawa hayo tu.

Jumapili, 8 Julai

Dairekta wao amekwama. Kwenye sinema mama anazika mtoto wake, daktari anafika amechelewa. Walikwenda Nainokanoka, kwa Wamasai, kutafuta mama na mtoto. Kasaine, Mmasai anayelinda mahema, aliwaambia wasijisumbue. Hawakusikia. Akina mama wa kule waliposikia mtoto alazwe, afunikwe, aliliwe kama maiti, walibeba watoto wao wakaondoka. Hata kuaga hawakuaga.

Leo wamekuja huku kwetu, wakasimama nje ya kanisa baada ya misa. Evarista, jirani yangu, alitema mate chini. Umlilie mzima? Wengine wakamfuata.

Mimi nimekubali. Pamoja na binti yangu Eliza.

Niseme ukweli, hapa hanisomi mtu: nilitaka. Tangu nimalize darasa la saba nawashonea watu. Nguo za harusi, za komunio, sanda. Hakuna aliyewahi kunitazama mimi. Nami nilitaka watu wakae gizani wanitazame! Damiano hasemi ndiyo wala hapana. Mama mkwe hajaambiwa.

Jumanne, 10 Julai

Leo nitaandika yote.

Wamepigia picha uwani kwetu, kwa sababu nyumba ni ya nyasi na nyuma yake ni bonde tupu. Vibarua wao wakachimba shimo karibu na kihenge. Fupi, la mtoto. Nilidhani watachimba kidogo, la uongo uongo. Loo! Limemfika mtu kifuani. Dairekta anataka udongo mwekundu wa chini.

Mama mkwe akatoka na fimbo yake. Nani amekufa? Nikamwambia hakuna, mama, ni sinema. Akasema, nimeuliza nani amekufa.

Eliza alikuwa anacheka chini ya shuka, wamempa biskuti. Mimi nikalia. Nikalia ovyo, kama ninaibiwa kuku. Dairekta akatikisa kichwa. Tena. Hakuna kitu. Tena. Jasho linanitoka, watu wote wananingoja, aibu!

Ndipo Babu Venoni akaja na koti lake, akapiga magoti, Inosenti kando. Akanieleza yale yaliyorukwa. Zamani jukwaani aliigiza baba aliyefiwa na mwana. Kilio kikawa kigumu kumtoka. Halafu mwanawe mwenyewe akafa, yule wa kwenye picha, ugonjwa wa kupooza. Asubuhi wamezika, jioni mzee kapanda jukwaani. Akamfikiria mtoto. Watu walisimama wakapiga makofi mpaka basi. Kesho yake akamfikiria tena. Na kesho yake. Ndivyo alivyopata jina.

Mfikirie wa kwako, akaniambia. Usifikirie kitu kingine. Nikamuuliza kama bado anamlilia. Akasema hapana, nilimlilia mpaka akaisha.

Sikumwelewa. Nikafumba macho, nikamwona Eliza wangu amekufa. Nilimwona kabisa! Midomo imekauka, mguu mmoja nje ya shuka. Sauti ikanitoka sijui wapi. Nikalia kwa Kiiraqw, nikamwita jina lake, nikajitupa chini kwenye ule udongo. Hata Wazungu walifuta macho. Inosenti aligeuka upande. Dairekta akanikumbatia, nilikuwa kamasi tupu.

Eliza akatoka kwenye shuka. Hacheki tena. Nikamnyooshea mikono, akakimbilia kwa bibi yake. Mpaka jua linazama alikuwa hataki nimguse.

Majirani walikuwa wamesimama nje ya ua. Hawakupiga makofi.

Jumatano, 11 Julai

Watu wa sinema wameteremka kreta kupiga picha wanyama. Shimo wameliacha wazi! Nimechukua jembe, mama mkwe akashika mpini. Shimo la maiti halifukiwi tupu, anasema. Nikamuuliza, na likiachwa wazi? Linangoja. Sasa mama tufanye nini? Akasema hajui, haijawahi kutokea.

Mama mkwe anajua kila kitu. Leo hajui. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tumelifunika kwa matawi Eliza asitumbukie.

Jumapili, 15 Julai

Metimani. Sikudhani ningeliandika neno hili kwa ajili ya nyumba yangu. Nyumba ikifiwa na mtoto, watu wake wanakaa kando. Hawachoti maji na wenzao, hawapiti mashamba ya watu, ng'ombe wao wanakunywa peke yao, mpaka wazee waseme basi. Wazee wamekaa kutujadili. Wengine walitutetea, Damiano ananiambia. Walisema hakuna aliyekufa. Mmoja akauliza: mama alimwita mtoto kwa jina? Alimwita. Shimo lipo? Lipo. Basi nyumba imefiwa.

Padre leo amesema ni upuuzi, sinema ni sinema. Kanisa zima likaitikia. Lakini benchi letu tulikaa sisi wenyewe tu, na kanisa lilijaa mpaka watu wamesimama mlangoni.

Ijumaa, 20 Julai

Ngano imeiva. Miaka yote majirani wanakuja, napika pombe, tunavuna kwa kuimba. Leo hajaja mtu. Pombe imechacha. Tunakata mimi na Damiano, na mama mkwe na mgongo wake ule. Nusu ya shamba itaoza, najua.

Eliza alikwenda kucheza kwa Evarista. Evarista hakumfukuza. Aliwaita wanawe ndani, akafunga mlango. Mtoto akarudi, akaniuliza: mama, mimi nimekufa?

Nikampiga kibao. Mungu anisamehe. Nikamwambia asiulize maswali ya kijinga. Halafu nikamshika, nikamshika mpaka akasema namuumiza.

Namchukia Evarista. Hapana. Ningekuwa mimi ningefunga mlango vile vile.

Jumanne, 24 Julai

Eliza ana homa tangu juzi. Anakohoa, hali kitu. Majani ya bibi yake hayajasaidia. Damiano alikwenda shambani kwa watu kuomba trekta la kumpeleka mtoto hospitali. Dereva aliposikia ni nyumba yetu, akasema tairi lina pancha. Damiano aliyaona matairi yote. Mazima.

Jioni Inosenti amepita na Landrova yao akishuka Mto wa Mbu. Ana habari. Filamu ya siku ile iliingia mwanga. Yote nyeupe, hakuna kitu. Kile kilio chote! Hakuna atakayekaa gizani kunitazama. Kesho wanakuja kurudia. Nilicheka kwa sauti. Mama mkwe akanitazama kama nimeingiwa na wazimu.

Nikamwomba Inosenti ageuze gari ampeleke mtoto hospitali. Anasema akichelewa na mitungi ya mafuta anafukuzwa kazi, kesho alfajiri gari litakuwa hapa. Waje basi. Nipigeni picha mnavyotaka, mradi gari lije.

Jumatano, 25 Julai

Naandika nikiwa hospitali Karatu, benchi la nje. Nisipoandika nitapiga kelele.

Walikuja jua limeshatoka. Alfajiri gani hiyo! Dairekta akaenda moja kwa moja kwenye shimo, akaondoa matawi, akapiga makofi kwa furaha. Inosenti hakutaka kutafsiri. Nilielewa mwenyewe: amefurahi limebaki.

Nikatoka na Eliza mikononi, anawaka. Nikasema gari, hospitali, sasa hivi. Dairekta alimgusa paji la uso, akasikitika kweli, siyo mtu mbaya. Halafu akatazama jua. Mara moja tu, akasema, mwanga ni mzuri, tukimaliza gari ni lako. Akasema tena kwamba safari hii mtoto ametulia, itakuwa rahisi. Hilo Inosenti alilitafsiri akiangalia viatu vyake.

Haya. Nikamlaza. Ndiyo, nilimlaza! Kando ya lile shimo, nikamfunika shuka mwenyewe, kwa sababu gari ni lao. Mama mkwe alikaa chini akajifunika uso na kanga. Damiano wakati huo alikuwa shambani na mundu, hajui.

Nikafumba macho. Nikamwita. Pakavu. Mtoto wangu anakoroma kifua mbele yangu, mgonjwa kweli, na mimi sina chozi! Dairekta akasema tena. Nikamwita tena. Nikajibana, nikajiuma mdomo. Tena. Nikafumbua macho, nikamwona Babu Venoni ananitazama. Alijua. Naapa alijua kilichonipata, kabla yangu.

Zamu yake ilikuwa bado. Akaingia tu mbele ya kamera, akamwokota Eliza na shuka lake, akaenda kukaa naye kwenye Landrova, nami nikapanda nyuma yao. Dairekta akapiga kelele. Inosenti amenieleza njiani: dairekta alimwambia mzee ashuke, la sivyo hakuna mtu atakayemwita kazini tena. Mzee akajibu, kwani nani alikuwa ananiita? Halafu akamwambia Inosenti endesha. Na Inosenti, kazi yake ile anayoiogopea, akaendesha.

Nesi amempokea Eliza, amemwingiza ndani, nikaambiwa nisubiri.

Shida sasa ni koti. Babu Venoni hakulivua, na mpira wa kusikilizia kifua uko shingoni. Akina mama waliokuwa hapa wakainuka: daktari Mzungu amekuja! Nikawaambia siyo daktari, ni mwigizaji. Wakadhani nina choyo naye. Mmoja akamwekea mtoto mapajani. Mzee akamtazama Inosenti, Inosenti akakuna kichwa. Sasa kuna foleni. Ule mpira ni wa kuigizia, hausikii kitu. Lakini anauweka kwenye kila kifua, anafumba macho, anasikiliza. Anamshika kila mtoto kichwa, mama anashukuru na kuondoka. Anaigiza vizuri, jamani. Nimetaka kumzuia, nikashindwa.

Nesi ametoka kidogo. Mama Elizabeti? Subiri kwanza. Akanikazia macho. Umeshtuka eti, mama, mbona hulii? Tangu asubuhi natafuta chozi. Nililia lote siku ile, kwa ajili ya filamu iliyoingia mwanga.

Damiano amefika. Kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jembe liko begani, sijui kama anajua amelibeba. Hajauliza mtoto anaendeleaje. Anaogopa kuuliza. Amesimama mbele yangu, anasema mama amemtuma kwangu, mimi ndiye niseme: lile shimo alifukie, au aliache kwanza?

Mlango wa nesi umefungwa.